Upepo Unataka Uzito

Theuri alikuwa akishuka kilima mbio, helmeti ikimgonga pajani, na wanawake waliokuwa wakichuma chai katika mistari ya juu waliacha kuchuma ili wamtazame. Upepo wa asubuhi ile ulikuwa umeamka na nguvu. Ulipita juu ya chai ukayageuza majani upande wa chini, ule uliofifia, na shamba zima likabadilika rangi, likarudi, likabadilika tena, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi.

"Mama Simeon yuko wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu kwa mdomo. Walimwonyesha kwa macho. Wacera, ndiye Mama Simeon, alikuwa mstari wa nne kutoka njiani, kikapu mgongoni, epuroni ya nailoni imefungwa kiunoni kwa kipande cha kamba ya katani kwa sababu mikanda yake yenyewe haikutosha kumzunguka. Alimwona kijana akija. Mikono yake haikusimama. Majani mawili na chipukizi lake, majani mawili na chipukizi lake, kulia na kushoto kwa pamoja, na kila viganja vilipojaa alivirusha nyuma ya bega bila kugeuka, na majani yakaangukia kikapuni.

"Habari ya asubuhi, Mama Simeon."

"Mzuri."

"Niko na shida. Nimekuja kukuomba unisaidie."

Wacera alichuma shada lingine. Hakuwa amezungumza na Theuri karibu mwaka mzima, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na ua mmoja tu wa michongoma, na Theuri mwenyewe hakuwa ametambua. Kijana huwa na mengi ya kufikiria. Wacera hakuwa na mengi. Alikuwa na lile moja.

Alikuwa mwanamke mkubwa, tangu akiwa msichana. Alizaliwa Tetu, akaolewa Tetu, akawa mjane Tetu. Jina lake kwa Kikuyu ni la mtu wa kutembeatembea, na marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba wazazi wake walimpa mtoto wao jina la mtoto wa watu wengine. Mwanawe Simeon alifanya kazi katika mashamba ya maua huko Timau, na hata huko Wacera alikuwa amefika mara moja tu. Waendesha bodaboda waliangalia kwanza gurudumu la nyuma kabla ya kumkaribisha apande. Kwenye arusi aliletewa kiti cha mbao, si cha plastiki, na aliyekileta alikinyanyua juu ya vichwa vya watu ili kila mtu aone kinakwenda kwa nani. Wacera alikuwa amejifunza kucheka kabla wengine hawajaanza. Ukicheka wewe kwanza, wale wengine wanakuwa kama wamekufuata tu.

Halafu hoteli moja iliyo ukingoni mwa msitu ikaanza kuleta wageni wa kuruka na parachuti kutoka juu ya kilima. Walifungwa wawili wawili, mgeni mbele na rubani nyuma, wakakimbia kwenye nyasi na kuondoka. Vivuli vyao vilipita juu ya chai. Kivuli kilipanda mistari, kikateremka, na kilipompitia Wacera alihisi shingo yake ikipoa kwa muda mfupi, kama mtu amepita katikati yake na jua. Hapo tu ndipo mikono yake iliposimama. Alitazama juu hadi shingo ikamuuma. Hakumwambia mtu.

Siku moja, wakiwa kwenye foleni ya mizani katika kituo cha majani chai, Theuri alipita amebeba mfuko mkubwa wa parachuti. Wakati ule alikuwa msaidizi tu, wa kuwafungia wageni mikanda. Wacera alikuwa amelifikiria swali lile kwa miezi, lakini alilitoa kama lililomjia hapo hapo. "Na mimi ninaweza kubebwa siku moja?"

Theuri hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na haraka. "Wewe, Mama Simeon," alisema bila kusimama, "wewe tutakutafutia helikopta."

Foleni nzima ilicheka. Karani aliweka kalamu chini ili acheke vizuri. Wacera alicheka kuliko wote, na kwa muda mrefu kuliko wote, na jioni ile alipokuwa akivua gambuti zake za mpira alivua moja, akaishika mapajani, akasahau kuvua ya pili. Kuanzia siku hiyo akawa Helikopta. Helikopta sukuma kikapu chako mbele. Helikopta usiketi ukingoni mwa benchi. Hata watoto kanisani. Aliitika, kwa sababu kutoitika kungeonyesha mahali panapouma.

Sasa Theuri alikuwa amesimama mbele yake, jasho likimtiririka, akijaribu kueleza mambo yote kwa pumzi moja.

Mwalimu Khadar alikuwa amekuja kutoka Nanyuki kumpima. Akifaulu leo, angepata ruhusa ya kubeba watu yeye mwenyewe. Asipofaulu, Khadar alikuwa anasafiri, na hoteli haingengoja. Walikuwa wameshaanza kuzungumza na rubani mwingine. Mazoezi yote alikuwa ameyafanya na mchumba wake, Anita. Lakini upepo wa leo ulikuwa umewasukuma kinyumenyume mara mbili, na mara ya pili Anita akaburutwa hadi suruali ikapasuka magotini.

"Anita ni mwepesi sana," Theuri alisema. "Mwalimu amesema tukipanda hivyo tutatupwa nyuma ya kilima, kwa msitu. Upepo kama huu unataka mtu mzito. Uzito ndio unasukuma parachuti mbele."

"Wekeni mchanga."

"Mchanga hauwezi kukimbia, mama. Tunaanza kwa kukimbia. Anataka mtu mzito mwenye miguu."

"Si uchukue Mwai wa bucha?" alisema Gathoni, aliyechuma mstari uliofuata na aliyekuwa rafiki ya Wacera tangu shuleni.

"Mwai akipanda ngazi ya bucha yake anahema kama trekta."

Wacera alisimamisha mikono. Aligeuka, akamtazama kijana yule kwa mara ya kwanza. "Kwa hivyo mlikaa huko juu mkafikiria, ni nani mnene huku chini."

Theuri angeweza kudanganya, na ilionekana usoni kwamba alikuwa akitafuta uongo wa kufaa. "Ndiyo," alisema. "Lakini pia nilikumbuka uliwahi kuniuliza."

"Nilikuuliza nini?"

"Kama unaweza kubebwa."

"Na ukaniambia nini?"

Upepo ulipita, majani yakageuka, yakarudi. Theuri alihamisha helmeti kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Nilisema tutakutafutia helikopta."

"Sema kwa sauti. Gathoni hajasikia."

Gathoni, ambaye alikuwa amelibeba jina lile kila mahali, kisimani na sokoni, aliinamia mchai wake kana kwamba kuna kitu kilichoangukia ndani.

"Nilisema tutakutafutia helikopta," Theuri alirudia, na safari hii hapakuwa na aliyecheka. "Sikujua hiyo maneno ilibaki, Mama Simeon."

"Ilibaki."

"Nilikukosea. Nisamehe."

Wacera aliangalia juu ya kilima, ambako kitambaa chekundu cha kuonyesha upepo kilikuwa kimenyooka kwenye ufito wake bila kulegea hata kidogo. Angeweza kukataa. Alilionja neno lile, hapana, na lilikuwa tamu. Lakini aliuona pia mwisho wa utamu wake. Ungemfikisha jioni, pengine hadi kesho asubuhi, na baada ya hapo vingebaki vivuli vikimpitia juu, msimu baada ya msimu, hadi azeeke.

Alitoa mikanda ya kikapu mabegani. "Gathoni, nipelekee majani kwa mizani. Usiyashindilie, yatapata joto yaungue."

"Ati unaenda?"

"Naenda."

Kupanda hakukumshinda. Miguu yake ilikuwa imepanda miteremko ile kwa miaka mingi na kikapu kilichojaa mgongoni. Bila kikapu, alijiona kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Theuri ndiye aliyebaki nyuma akihema.

Juu, nyasi zilikuwa zimelala chini kwa upepo. Parachuti ya rangi ya machungwa ilikuwa imetandazwa, pembe zake zimewekewa mawe. Anita alikuwa ameketi kando yake, msichana mwembamba wa benki mjini Nyeri, magoti yakionekana kupitia matundu ya suruali. Alisimama upesi kumsalimia Wacera kwa mikono yote miwili, na usoni mwake palikuwa na shukrani ya mtu aliyeondolewa mzigo. Khadar alikuwa mzee mrefu, mkavu, ndevu zake zimetiwa hina. Ukoo wake ulijulikana Nanyuki kwa biashara ya ngamia na mbuzi, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa askari. Alimpa Wacera salamu, akamuuliza kuhusu moyo, shinikizo la damu, magoti, mgongo. Kisha akaonyesha ubao uliokuwa chini, na juu ya ubao, mizani ndogo ya kusimamia.

Wacera alikuwa hajaifikiria mizani. Kila siku ya maisha yake alipima, lakini yaliyopimwa yalikuwa majani. Kliniki, muuguzi aliposoma namba yake, aliisoma kama anayesoma kosa. Alivua gambuti kwa sababu aliona ni adabu, akapanda akiwa na soksi tu, akatazama mbali, upande wa mji.

Khadar aliinama, akasoma. "Tisini na nne," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akanyooka. "Alhamdulillahi."

Wacera alimtazama kuona kama anamcheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa tayari ameshamgeukia Theuri, akihesabu kwa vidole, uzito wa wote wawili pamoja na vifaa, akitikisa kichwa kwa kuridhika kama mfanyabiashara aliyepata alichokuja kukinunua.

"Unaogopa, mama?" alimuuliza.

"Naogopa."

"Vizuri. Asiyeogopa simruhusu. Sasa sikiliza jambo moja tu, mengine ni ya huyu kijana. Mtakapoanza kukimbia, usikae. Kila mtu akihisi anainuliwa anataka kukaa kwenye kiti. Ukikaa mapema mtaanguka. Kimbia hata kama ardhi imekwisha."

Wacera alipovaa gambuti tena, Anita alimfunga kitambaa chake cha kichwa upya, kwa nyuma, ili helmeti iingie. Mikanda ya mapajani ilirefushwa hadi mwisho wake, na Wacera akangoja kuambiwa haitoshi. Ndoano ilifunga. Ilitoa mlio mdogo, mkavu, kisha wa pili, kisha wa tatu kifuani. Theuri alijifunga nyuma yake. Wacera alisikia moyo wa kijana ukimgonga mgongoni, haraka kuliko wake.

Mara ya kwanza haikufaulu. Parachuti iliinuka nyuma yao kwa kishindo cha shuka linalokung'utwa, ikapinda kushoto, na Theuri akaivuta chini kabla haijawaburuta. Ilivuta hata hivyo. Wacera alikanyaga visigino kwenye nyasi, akasimama palepale.

"Yeye hasukumwi," Khadar alimwambia Anita, si mtu mwingine, lakini Wacera alisikia.

Mara ya pili iliinuka wima, ikasimama juu ya vichwa vyao, na mwanga chini yake ukawa wa rangi ya machungwa. "Sasa," Theuri alisema. "Kimbia, mama. Kimbia."

Wacera alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu alipokuwa msichana. Mwili wake ulikuwa umeambiwa kwa miaka mingi kwamba kukimbia si kazi yake. Alikimbia kwa uzito wote, mikono ikikata hewa, gambuti zikipiga ardhi, na kila hatua ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, na ukingo wa kilima ukaja, na kitu fulani kikamshika chini ya mapaja kama mikono ya mtu mwenye nguvu, na akakumbuka: usikae. Akaendelea kukimbia. Aliona gambuti zake zikikimbia, kushoto, kulia, kushoto, na chini yake, mbali sana, vichwa vya miti na nyumba ya jirani yake Wamae.

"Unaweza kuacha sasa," Theuri alisema sikioni mwake. "Tayari tuko juu."

Akaketi.

Alikuwa ametarajia kelele. Kule chini upepo ulikuwa na sauti, ulipiga mabati, ulipiga milango. Huku juu walikuwa ndani yake, wakienda naye, na mlio pekee ulikuwa wa kamba, mwembamba, kama mtu anapuliza juu ya mdomo wa chupa. Walipanda bila kupanda. Kilima kilishuka tu. Chai, ambayo alikuwa ameijua kama majani mbele ya kifua chake na maumivu katikati ya mabega, ilikuwa kitambaa kimoja cha kijani kilichofunikwa juu ya vilima vyote, na vijia vyake vilikuwa kama mishono. Nani alijua ilikuwa nzuri hivi? Aliwaona wanawake, vitone vya njano na buluu vya epuroni, na vyote vilikuwa vimesimama. Hapakuwa na hata kimoja kilichokuwa kikichuma.

"Mama Simeon, uko sawa?"

"Usiniongeleshe," Wacera alisema.

Theuri alimgeuza polepole kuelekea mashariki, na Mlima Kenya ukaja mbele yao. Asubuhi zote za Januari aliuona kutoka mlangoni kwake, kilele kimoja kikichungulia juu ya mikaratusi ya jirani, kitu cha kutazama ukisubiri chai ichemke. Sasa uliinuka wote kutoka kwenye misitu yake, mabega na shingo na vilele vyeusi vyenye michirizi ya theluji, na haukuonekana kuwa mbali. Ulionekana kuwa mtu wa rika lake. Huo nao ni mkubwa, Wacera aliwaza, na haujawahi kumwomba mtu msamaha kwa sababu ya nafasi unayochukua. Upande wa kulia mji wa Nyeri ulimetameta, mapaa ya mtaa wa Skuta yamesongamana kama bati za mkate zilizoachwa juani. Na chini kabisa, mwisho wa bonde, bwawa lilikuwa limelala, refu, la buluu, likiwa na uwanja wa mpira kandokando yake ambako walitakiwa kutua.

Redio ilikwaruza. Sauti ya Khadar ilimwambia Theuri azunguke kulia mara moja kamili, kisha kushoto. Dunia iliinama. Katika mzunguko ule wa pili, walipokuwa juu kuliko kilima chenyewe, Wacera aliona upande wa nyuma, ambao hakuna mchumaji chai aliyewahi kuuona: msitu wa Nyandarua ukipanda kuelekea mawinguni, na katikati ya msitu, ziwa. Dogo, la mviringo, jeusi kama jicho. Kando yake kulikuwa na mawe ya kijivu, na alipokuwa akiyatazama, jiwe moja lilisogea, likaingia majini.

Ndipo akacheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha kutangulia. Kilitoka chini, tumboni, kikamtikisa yeye na mikanda na kijana aliyefungwa nyuma yake, na hakukizuia, kwa sababu huku juu hakuna aliyekuwa akimngoja acheke.

Waliposhuka kuelekea bwawa, Theuri alinyamaza. Wacera alijua kunyamaza kule. Ndivyo wachumaji wanavyonyamaza wakiona mvua ya mawe inakuja. Bonde lilikuwa limejikinga na upepo, na hewa iliyokuwa imewabeba ikawaacha; maji yaliinuka kwa kasi, yakawa mapana, akaona matete, akaona bata wawili wakikimbia juu ya maji kabla ya kuruka. Uwanja ulikuwa ng'ambo.

"Tutafika?" aliuliza.

"Inua miguu, mama."

Aliinua. Kisigino cha gambuti ya kushoto kiligusa maji na kuchora mstari mweupe. Kisha matete, kisha ukingo wa udongo, kisha nyasi zilizoliwa na kondoo. "Kimbia," Theuri alisema, na Wacera akakimbia tena, na ardhi ikampokea.

Lakini upepo, uliokuwa umewaacha juu ya maji, uliwapata uwanjani. Uliingia kwenye parachuti kabla haijalala, ukaijaza, ukaivuta kwa nyuma kama tanga. Theuri alijikwaa, akaanguka akining'inia kwenye mikanda ya Wacera, na kamba ya kuishushia parachuti ikamponyoka mkononi. Walianza kurudi kinyumenyume. Hatua moja. Mbili. Nyuma yao palikuwa na ukingo wa udongo, na chini ya ukingo, maji.

Wacera aliinama mbele. Hakufikiri, mgongo wake ulifanya ulichokijua. Alipeleka kichwa mbele, akatanua miguu, akazika visigino, kama anavyofanya kikapu kikiwa kimejaa na njia ikiwa imelowa na nyuma yake kuna mteremko. Upepo ulivuta. Alibaki. Ulivuta tena, kwa hasira zaidi, na mikanda ikamkata mabegani palepale ambapo mikanda ya kikapu ilikuwa imekata maisha yake yote, na akachukua hatua moja kwenda mbele. Theuri alikuwa mgongoni mwake kama mtoto. Akachukua nyingine.

"Kamba," alisema kati ya meno. "Tafuta kamba yako."

Theuri alipapasa, akaipata, akaivuta kwa mikono miwili hadi kifuani. Parachuti ilikunjamana, ikatetemeka, ikaanguka kwenye nyasi.

Theuri alikuwa bado amemlalia mgongoni, akihema.

"Mama Simeon," Theuri alisema.

"Shuka kwanza," Wacera alimjibu. "Halafu uongee."

Khadar alifika kwa pikipiki akiwa amepakiwa nyuma, ndevu zake zimejaa vumbi. Alitembea kutoka ukingo wa maji hadi walipokuwa, akiangalia alama mbili za visigino zilizochimbwa kwenye nyasi, na mahali zilipogeuka kwenda mbele. Alimuuliza Theuri kwa nini hakuanza kushuka mapema ili avuke bwawa akiwa juu zaidi, na Theuri akamweleza kosa lake bila kuficha. Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Mizunguko ilikuwa safi. Kupaa kulikuwa safi. Kosa umelijua kabla sijakuambia," alisema. "Umepita. Lakini ujue umetua kwa miguu ya huyu mama." Kisha akamgeukia Wacera, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Wacera alikuwa akihangaika na helmeti. Anita, aliyeteremka kilima kwa miguu, alimsaidia kuifungua, na alipoivua alikuwa akilia, au Anita ndiye aliyekuwa akilia. Wote wawili walikuwa na mashavu yaliyolowa.

Wanawake walikuwa wakija kutoka kituo cha majani chai, wakipita kwenye ukingo wa bwawa mmoja nyuma ya mwingine, vikapu vitupu migongoni. Gathoni alikuwa mbele. Alipofika alisimama hatua chache, kama mtu anayekaribia nyumba ambayo hana hakika kama atakaribishwa.

"Wacera," alisema. Zilikuwa zimepita siku nyingi bila yeye kulitumia jina hilo. "Ulikuwa unacheka ama ulikuwa unalia? Tulikusikia mpaka kwa mizani."

"Nilikuwa nacheka."

"Uliona nini huko juu?"

Wacera alifikiri. Alikuwa na mengi mno, na hakujua lipi lianze. Alimwambia Gathoni kwamba blanketi lake jekundu lilikuwa limeanguka kutoka kwenye kamba na mbuzi amelilalia. Aliwaambia kwamba chai yao, ukiitazama yote pamoja, imeshonwa kama gauni. Wanawake walimsogelea zaidi. Mmoja alimgusa mkono wa sweta, palepale mkanda ulipokuwa umepita.

"Na nyuma ya msitu kuna ziwa," Wacera alisema.

"Ziwa gani?" Gathoni aliuliza. "Mimi nimezaliwa hapa."

"Hata mimi nimezaliwa hapa. Liko. Ni dogo, jeusi, na ndovu walikuwa wanaingia ndani."

Wanawake waligeuka mmoja mmoja, wakatazama juu, kupita uwanja na mistari ya chai, kupita kilima na kitambaa chake chekundu, hadi kule msitu unapoanza na miti inakuwa ukuta mmoja wa buluu. Upepo ulikuwa umefika huko sasa. Walisimama wakiutazama ukipanda, ukiinamisha vilele vya miti kimoja baada ya kingine, ukienda ndani.